KITISHO KITOKACHO MAJINI: FILAMU ZA KALE ZA KUTISHA NA MASIMULIZI YA HOMA BAY NA MIGORI

1. Utangulizi

Filamu za kutisha na filamu za kubuni za kisayansi zilizotengenezwa Ulaya, Marekani na Japani kati ya miaka ya 1920 na miaka ya 1960 hujadiliwa kwa njia mbili kila zinapotajwa mbele ya wanafasihi wa Afrika Mashariki. Wako wanaozitupa, wakidai kwamba ni burudani ya watu walioshiba, na kwamba mtoto aliyelelewa kwa ngano za mazimwi hana haja ya kutishwa na mtu aliyejipaka rangi usoni huko Hollywood. Wako pia wanaozipokea kwa mikono miwili, wakidai kwamba hofu ni moja kwa wanadamu wote, na kwa hiyo dubwana la sinema ni ndugu wa zimwi la ngano. Misimamo hii inapingana kwa sura tu. Yote miwili inaanzia kwenye swali moja: ni kitu gani kinachomtisha mwanadamu?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo halitoshi. Orodha ya vitu vitishavyo ni fupi, nayo hufanana kila mahali: kifo, giza, maji yenye kina, mgeni asiyejulikana, ugonjwa usio na jina, jirani aliyebadilika. Linalotofautisha kazi moja na nyingine ni jambo jingine, nalo ni lawama. Kitisho kinapotokea, nani anayelaumiwa, na nani anayeponea?

Ushahidi umechukuliwa kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni filamu chache zinazojulikana sana. Upande wa pili ni masimulizi ya wakazi wa kusini mwa Ghuba ya Winam, katika eneo lililokuwa wilaya ya Nyanza Kusini na ambalo tangu mwaka 2013 ni kaunti za Homa Bay na Migori. Masimulizi hayo ni ya Nyamgondho mwana wa Ombare na ya kijiji cha Simbi. Pamoja nayo itatazamwa ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga. Masimulizi haya yamekwisha kukusanywa na kuchapishwa zaidi ya mara moja, miongoni mwa wakusanyaji wakiwa B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe mwaka 1974, na Asenath Bole Odaga katika miaka ya 1980. Kwa hiyo hapa hayasimuliwi upya kwa ukamilifu, bali yanatajwa kwa kadiri hoja inavyodai.

2. Hofu na lawama katika uhakiki wa sinema

Wahakiki wa Magharibi wamekwisha kuona kwamba filamu ya kutisha hueleza zaidi ya inavyokiri. Siegfried Kracauer, katika kitabu chake cha mwaka 1947, aliziangalia filamu za Ujerumani zilizofuata Vita Kuu ya Kwanza, hasa ile ya Daktari Caligari ya mwaka 1920, akaona ndani yake taifa lililokuwa likijiandaa kumtii dikteta. Susan Sontag, katika insha yake ya mwaka 1965, alieleza kwamba filamu za maangamizi ya kisayansi humpa mtazamaji raha ya kuona miji ikibomoka, na papo hapo humtuliza asiifikirie sana hatari halisi ya bomu la nyuklia. Robin Wood naye, mwaka 1979, alitoa kanuni fupi: maisha ya kawaida yanatishwa na dubwana, na dubwana hilo ni kile ambacho jamii imekikandamiza ndani yake yenyewe.

Kanuni ya Wood ndiyo iliyo karibu zaidi na hoja ya makala haya, lakini ina pengo. Inachukulia kwamba jamii haijui kuwa dubwana ni lake. Mtazamaji hukimbia, hupiga kelele, hufurahi dubwana likiuawa, kisha huja mhakiki kumwambia kwamba alikuwa akijikimbia mwenyewe. Ujuzi unabaki kuwa mali ya mhakiki. Masimulizi ya Homa Bay hayahitaji mpatanishi wa namna hiyo. Hata msikilizaji mdogo anajua, tangu katikati ya hadithi, ni nani aliyekosa. Hofu yake haitokani na kutojua bali na kujua, na kuona kwamba mkosaji mwenyewe bado hajatambua.

Kwa msingi huo filamu za kale zinaweza kugawanywa katika mikondo miwili. Katika mkondo wa kwanza kitisho hutoka nje, huuawa, na mambo hurudi kama yalivyokuwa. Hapa inaingia Dracula ya mwaka 1931, na The War of the Worlds ya mwaka 1953, ingawa katika hiyo ya pili wavamizi huuawa na vijidudu wala si na jeshi. Katika mkondo wa pili kitisho kinakuja, lakini macho ya filamu yanageuzwa taratibu yawaelekee wanadamu. Hapa inaingia Frankenstein ya James Whale ya mwaka 1931, The Day the Earth Stood Still ya Robert Wise ya mwaka 1951, Gojira ya Ishiro Honda ya mwaka 1954, na Night of the Living Dead ya George Romero ya mwaka 1968. Mkondo huu wa pili ndio unaokaribiana na masimulizi ya ziwani.

3. Kiumbe wa majini: Nyamgondho na wanasayansi wa Amazon

Katika Creature from the Black Lagoon, iliyoongozwa na Jack Arnold mwaka 1954, wanasayansi wanakwenda kwa mashua katika nchi ya mto Amazon wakitafuta mabaki ya kiumbe wa zamani. Wanamkuta aliye hai, nusu mtu nusu samaki. Kiumbe huyo yuko kwake. Waliosafiri ni wao. Wanamwaga sumu katika maji yake ili alegee aelee juu, naye anamchukua Kay, mwanamke pekee katika msafara. Mwishowe anapigwa risasi na kuzama.

Ipo picha moja katika filamu hii ambayo inajua zaidi ya hadithi yenyewe. Kay anatupa kipande cha sigara majini. Kamera inateremka chini ya maji na kumwonyesha kiumbe akitazama juu, kuelekea kwenye takataka iliyotupwa nyumbani mwake. Kwa kitambo kidogo mtazamaji huona ni nani aliye mgeni na ni nani mwenyeji. Lakini filamu haikai hapo. Inarudi juu ya maji, na risasi ndizo zinazotoa hukumu.

Sasa na alinganishwe Nyamgondho. Yeye ni mvuvi fukara wa Gwassi, na siku moja wavu wake unatoa majini kikongwe mwenye jicho moja. Anamchukua, anamweka nyumbani, na tangu hapo mifugo yake inazidi hata zizi halitoshi. Anaoa wake wengine, anazoea pombe na majivuno. Usiku mmoja anarudi kutoka ulevini, hafunguliwi lango upesi, naye anamtukana kikongwe kwa kumkumbusha alikotolewa. Kikongwe anainuka, anaelekea ziwani, na ng'ombe, mbuzi na kondoo wote wanamfuata mpaka maji yanawafunika. Nyamgondho anabaki ufukoni ameegemea fimbo yake, na pale pale anageuka mti. Wenyeji wa Nyandiwa huonyesha mahali hapo hata leo.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, yule atokaye majini ana sura ya kutisha, lakini hamdhuru mtu. Sura yake ni mtihani. Kikongwe wa jicho moja amefanywa hivyo makusudi ili msikilizaji naye ajiulize kama angemchukua. Pili, kosa halifanyiki wakati wa kumpokea. Nyamgondho alimpokea vyema alipokuwa maskini. Kosa linafanyika katika neema, mtu anaposahau asili ya mali yake. Hofu ya simulizi hii ni hofu ya kuwa tajiri asiyekumbuka, wala si hofu ya ziwa. Tatu, adhabu haina damu. Hakuna anayeliwa. Kinachotisha ni msafara wa mifugo ukiingia majini kimya, na mtu anayeshindwa kufanya lolote ila kutazama. Nyamgondho anaadhibiwa kwa kufanywa mtazamaji wa milele.

Jambo la mwisho lina maana kubwa kwa ulinganisho. Katika jumba la sinema mtazamaji hukaa gizani akatazama maangamizi ya wengine, kisha taa huwashwa naye akaenda zake. Simulizi ya Gwassi haina taa ya kuwashwa. Ushahidi wake umeachwa ufukoni, na kila apitaye kwenda kuvua huupita. Hofu imetiwa katika ardhi ili isisahaulike baada ya jioni ya hadithi.

Huenda msomaji akatoa hoja ya kupinga kwa kuitaja hadithi ya Grace Ogot inayopatikana katika mkusanyiko wake Land Without Thunder wa mwaka 1968, ile ya kunyesha kwa mvua. Mle liko dubwana la ziwani, na Oganda, binti wa mtawala Labong'o, lazima apelekwe alimeze ili mvua inyeshe. Je, hapa kitisho hakitoki nje? Hoja hii ina uzito, lakini haisimami mpaka mwisho. Dubwana la Ogot halionekani. Kinachoonekana ni baba anayekubali, jamaa wanaofurahia heshima waliyopewa, na umati unaoimba. Kisha Osinda anamwokoa Oganda, na mvua inanyesha hata hivyo. Mwandishi amelificha dubwana ili msomaji asipate mahali pengine pa kutazama isipokuwa kwenye nyuso za wale wapendwao ambao wamekubali msichana afe.

4. Mgeni njoo: Simbi na chombo kutoka angani

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima. Wanajiolojia hulieleza kuwa shimo lililochimbuliwa na mlipuko wa volkano. Maji yake ni ya kijani, na heroe huja kwa wingi kujilisha humo. Jina lake kwa Kijaluo lina maana ya Simbi iliyozama. Masimulizi yanasema kwamba palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu wakiwa katika ngoma na pombe alifika kikongwe aliyechoka akiomba kupokewa. Alifukuzwa kila alikobisha, ila mwanamke mmoja tu alimpokea. Kikongwe alimwonya atoke upesi. Kisha maji yakaja.

Simulizi hii ina mshirika wake katika sinema, naye ni The Day the Earth Stood Still. Chombo kinatua Washington, mgeni kutoka sayari nyingine anatoka akiwa na zawadi mkononi, na askari anampiga risasi kwa hofu. Baadaye mgeni huyo, Klaatu, anakaa kwa siri katika nyumba ya kupangisha, na wanaomtendea kiutu ni mjane na mtoto wake wa kiume. Ujumbe wake ni onyo: dunia iache vita au iangamizwe. Muundo ni ule ule: mgeni, mlango uliofungwa, mwanamke mmoja anayefungua, onyo, na nguvu isiyozuilika nyuma ya onyo hilo.

Tofauti iko katika mwisho, nayo si ndogo. Klaatu anaondoka na dunia inabaki na nafasi ya kuchagua. Filamu iliyotengenezwa miaka sita baada ya Hiroshima ilihitaji kuacha mlango wazi. Simbi haina nafasi ya pili. Tena, Klaatu ana nguvu za chombo na roboti, na dunia inaonywa imheshimu kwa sababu ya nguvu hizo. Kikongwe wa Simbi haonyeshi nguvu yoyote mpaka muda umekwisha. Aliyempokea hakujua anampokea nani. Hapo ndipo methali ya Kiswahili isemayo mgeni njoo mwenyeji apone inapopata maana yake kamili: kupona kwa mwenyeji hakutokani na kumtambua mgeni mwenye nguvu, bali na kumpokea yule anayeonekana hana chochote.

5. Ukuta na walio ndani yake

Kufikia hapa ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba sinema huilaumu nje, na masimulizi ya ziwani huilaumu ndani, na kwamba masimulizi haya kwa hiyo ni bora. Uhakiki wa namna hiyo ungekuwa ni kujisifu tu.

Kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori iko Thimlich Ohinga, makazi yaliyozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Yanakadiriwa kujengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ohinga ni boma la mawe. Thimlich hufasiriwa kuwa msitu mnene wa kutisha. Jina zima basi ni sentensi ya hofu: boma lililo katika mahali pa kutisha. Kuta hizo zililinda watu na mifugo dhidi ya maadui na wanyama wakali. Lakini ukuta huwafungia watu pamoja pia. Palipo na boma, mwovu anayehofiwa zaidi si tena yule aliye nje ya lango. Waswahili walikwisha kusema: kikulacho ki nguoni mwako.

Romero aliielewa hali hii. Katika Night of the Living Dead wafu wanaotembea wanaizingira nyumba, na walio ndani wanapigilia mbao madirishani. Wafu hao ni wazito na wajinga. Kinachowaangamiza wakimbizi ni ugomvi wao juu ya nani aamuru na kama wakae juu au chini ya nyumba. Ben, kijana Mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, anaponea usiku kucha. Asubuhi kundi la raia wenye silaha linafika kusafisha eneo, linamwona dirishani, na linampiga risasi likidhani ni mmoja wa wafu. Kundi hilo halina wasiwasi. Linafanya kazi yake kwa utulivu, na utulivu huo ndio unaotisha kuliko wafu wote waliotangulia.

Kundi kama hilo si la Pennsylvania peke yake. Mwezi wa Mei mwaka 2008, katika eneo la Kisii linalopakana na kaunti zote mbili, watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, walichomwa moto hadi kufa kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 wanawake wazee wanne waliuawa katika eneo hilo hilo kwa tuhuma za namna hiyo. Katika Frankenstein ya Whale, wanakijiji hushika mienge wakamfuata kiumbe mpaka kwenye kinu cha upepo na kukitia moto. Mtazamaji huombwa ajiulize, japo kidogo, kama dubwana liko ndani ya kinu au nje. Katika matukio ya Kisii hapakuwa na kamera ya kumgeuza mtu macho. Kikongwe alikuwa kikongwe, na mwenge ulikuwa mwenge.

Upande wa ziwani nako ziko imani zinazoweza kumfikisha mtu huko. Jajuok wa Wajaluo, ambaye Mswahili angemwita mwanga, hukimbia usiku, hugonga milango na kurusha mchanga juu ya mapaa. Katika masimulizi mengi yeye ni kero zaidi ya kuwa muuaji, na mara nyingi huchekwa. Lakini mpaka kati ya kucheka na kufukuza ni mwembamba. Vivyo hivyo na chira, maradhi ya kudhoofika yanayoaminiwa kumpata aliyevunja mwiko au jamaa yake. UKIMWI ulipoingia, mgonjwa wa kwanza akiwa ametambuliwa nchini Kenya mwaka 1984, wengi waliueleza kwa jina la chira, kwa kuwa dalili zilifanana. Homa Bay iliathirika kuliko karibu sehemu zote za nchi. Makadirio ya serikali ya katikati ya miaka ya 2010 yalionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne aliishi na virusi. Chira, kama Nyamgondho, huitafuta lawama ndani ya boma. Lakini mara nyingi aliyetazamwa kwanza alikuwa mjane.

Kwa hiyo hoja iliyoanza makala haya lazima inolewe. Haitoshi kuuliza kama lawama inakwenda nje au ndani. Lazima iulizwe kama inamwangukia mwenye nguvu au mnyonge. Nyamgondho ni mwenye boma, mwenye mifugo, mwenye wake. Lawama inamwangukia yeye. Simbi ni kijiji kizima kilichoshiba, na aliyeko mlangoni ana njaa. Lawama inakiangukia kijiji. Waliouawa Kisii walikuwa wazee wasioweza kukimbia. Mhusika ni yule yule, kikongwe mwenye sura ya kuogofya. Masimulizi yanamfanya kuwa mtihani wa jamii, na umati unamfanya kuwa adui wa jamii. Inaelekea masimulizi haya yalitungwa na kuhifadhiwa kwa sababu watungaji walijua jinsi ilivyo rahisi kwa majirani zao, na kwao wenyewe, kuushika mwenge.

6. Mikasi, tafsiri na istilahi

Lawama ni kitu kinachoweza kuhamishwa na wale wanaoishika kazi baada ya msanii. Mifano miwili inatosha. Katika Frankenstein kiumbe anamkuta msichana mdogo kando ya ziwa, wanacheza kwa kurusha maua yaelee majini, na maua yanapokwisha anamrusha msichana akidhani naye ataelea. Katika miaka ya 1930 wakaguzi walikata sehemu ya mwisho ya onyesho hilo, na haikurudishwa mpaka miaka ya 1980. Kilichobaki kilikuwa mikono ya dubwana ikinyooshwa kumfikia mtoto, kisha maiti. Mkasi uliokusudiwa kupunguza ukatili uliuzidisha, kwa kuwa uligeuza ujinga kuwa uovu.

Mfano wa pili ni Gojira. Filamu ya Kijapani ilitoka mwaka 1954, mwaka ule ule ambao wavuvi wa mashua Lucky Dragon walidhuriwa na jaribio la bomu la Marekani huko Bikini, nayo inakumbusha waziwazi kwamba dubwana liliamshwa na majaribio ya nyuklia. Marekani iliitoa upya mwaka 1956, ikaingiza mwandishi wa habari Mmarekani aliyeigizwa na Raymond Burr, na kupunguza sehemu nyingi zilizogusa bomu. Dubwana lilibaki, mwenye kulaumiwa alififia.

Wakazi wa Ziwa Viktoria wana sababu ya kulielewa jambo hili. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 samaki aina ya sangara, aitwaye mbuta kwa Kijaluo, aliingizwa ziwani ili kuongeza mavuno. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu, samaki wadogo wasiopatikana mahali pengine duniani, zilikuwa zimetoweka. Biashara kubwa ilizaliwa, na pamoja nayo matatizo mapya. Sangara huelezwa kuwa mlafi. Ni nadra kutajwa aliyemmwaga majini, au kwa faida ya nani.

Suala hili linamhusu mwanaisimu moja kwa moja. Filamu nyingi za kigeni zimewafikia watazamaji wa Afrika Mashariki kupitia sauti ya mtu wa kati: Lufufu huko Dar es Salaam, DJ Afro nchini Kenya, na wasimulizi wa Kampala kwa Kiganda. Wasimulizi hawa hawafasiri maneno tu. Huongeza, hukejeli, huwapa wahusika majina ya mtaani, na hivyo hugawa lawama upya. Kazi yao inastahili kuchunguzwa kwa makini kama inavyochunguzwa tafsiri ya tamthilia.

Hapo istilahi inakuwa jambo zito. Mazoea ya kuliita kila dubwana zimwi yanafuta tofauti ambazo lugha yenyewe imeziweka. Zimwi hula watu, ingawa methali inakiri kwamba likujualo halikuli likakwisha. Jini lina ukoo, dini na mapatano. Mzuka hutokea na kutoweka. Mwanga ni jirani mchana. Mumiani ni mnyonya damu mwenye mwajiri, na hofu yake katika enzi ya ukoloni iliwahusisha watumishi wa serikali na wazimamoto, kama Luise White alivyoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2000. Inafaa kukumbuka kwamba neno mumiani na jina la filamu The Mummy ya mwaka 1932 yanatoka katika shina moja la Kiajemi lenye kuhusu nta, na kwamba Ulaya yenyewe iliwahi kula unga wa maiti zilizokaushwa kama dawa. Anayemfasiri Dracula kuwa zimwi anampa mtazamaji mla watu wa msituni. Anayemfasiri kuwa mumiani anamkumbusha bwana mwenye ngome anayeishi kwa damu ya wanakijiji. Kiumbe wa Frankenstein si mmojawapo wa hawa wote. Hana jina katika filamu, na huenda Kiswahili kikamtendea haki zaidi kwa kumwita kiumbe tu, kwa kuwa neno hilo linamtaja pia aliyemuumba.

7. Hitimisho

Ulinganisho huu haukukusudiwa kuthibitisha kwamba Wajaluo na Waabasuba walikuwa na filamu za kutisha kabla ya sinema, wala kwamba Hollywood iliiga Afrika. Umeonyesha kwamba hofu ni malighafi, na kwamba thamani ya kazi inategemea mahali inapoipeleka. Kazi dhaifu humwacha mtazamaji akimtafuta mwovu mwenye sura mbaya. Kazi imara, iwe ya Whale, ya Romero au ya msimulizi asiyejulikana wa Gwassi, humwacha akijitazama yeye mwenye nyumba, mwenye mifugo na mwenye mwenge.

Riwaya ya Kiswahili nayo imekwisha kuingia katika uwanja huu. Mwaka 1995 Katama Mkangi alimrusha Dzombo angani, akamfikisha kwenye sayari nyingine, akaipa jina la Walenisi. Msomaji hahitaji kamusi kulivunja jina hilo: wale ni sisi. Mwalimu anayefundisha filamu za kale, au anayewapeleka wanafunzi Simbi Nyaima kutazama heroe, angeweza kuanza na jina hilo, kisha akawauliza wanafunzi swali moja tu kuhusu kikongwe aliyebisha mlangoni usiku ule: katika kijiji chao wenyewe, leo, nani angemfungulia?